Kwa Mjukuu Wangu wa Kidato cha Pili

Mjukuu wangu, mke mwenza,

Sisi hapa Pangani hatujambo. Mguu wa babu yako umepata nafuu na nazi zimekwisha kuangushwa. Kilichonishikisha kalamu ni habari aliyoniletea shangazi yako, kwamba umeazimia kuziacha Fizikia na Kemia uingiapo kidato cha tatu, kwa kuwa, ati, wewe ni mtu wa sanaa.

Sina uadui na Historia. Nauliza tu: ikhtiari hiyo umeifanya wewe, au imefanywa na mwalimu wa Fizikia ambaye shule yenu haijapata kuwa naye? Sekondari hizi za kata, zilizoenea tangu mpango wa serikali wa mwaka 2004, zimewafungulia mlango watoto wa maskini, alhamdulillahi. Na maabara tukachangishwa hata sisi wazee tusio na pensheni, kumbe tumejenga ghala ya madawati mabovu, ilhali mtoto wa mwenye mali mjini hupima asidi kwa mkono wake mwenyewe, na jioni akaenda twisheni. Kisha wote wawili hupewa fomu moja wakaambiwa: chagueni.

Hayo si mageni kwangu. Baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule zilipogawiwa michepuo, dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimsahihishia kaka yetu hesabu, aliangukia shule ya wasichana ya sayansi kimu, akafundishwa mapishi ambayo mama alikwisha kumfundisha bure. Kaka akapelekwa ufundi, akasoma Fizikia, akastaafu mhandisi. Dada alishona sare za watoto wa watu hata macho yakamfifia, na kaka, Mola amsamehe, hakosi kusema katika kila harusi kwamba kila mtu hula kwa akili yake. Sijamjibu, maadamu ni mkubwa wangu; ila daftari lake lenye masahihisho ya dada ninalo mimi.

Basi kama Fizikia huipendi, iache kwa kuwa huipendi. Lakini tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, hutaipata ukiziacha hizo mbili za kwanza, na uuguzi uliokuwa ukiutaja tangu utotoni unataka Kemia.

Sala usiache. Na yule rafiki yako wa stendi, babu yako anamjua.

Fomu usiitie sahihi kabla ya Jumamosi, shangazi yako atakapokuja na nauli. Hapa mtaani yupo kijana aliyehitimu ualimu wa Fizikia na ajira hajapata. Amekubali kukufundisha likizo nzima, mradi ale kwetu.

Ni mimi, bibi yako.