Siku Tatu Kitengela, Katika Banda Lisilo na Gari

Tulipanda gari moshi la asubuhi pale Miritini, lile linalosimama njiani, kwa kuwa lile la moja kwa moja halishushi watu Athi River. Tulichukua kikapu cha halua na ubao mmoja wa mvule wenye urefu wa futi 4, uliosalia katika mlango wa nyumba ya marehemu baba yetu. Askari wa kituoni waliugeuza mara tatu wakitafuta kilichofichwa ndani yake. Mwana wa ndugu yetu, aliyehamia Kitengela na riziki yake ni useremala, alituahidi kuufanya marufaa ya watoto wa madrasa, nasi tukaona ni heri tuupeleke wenyewe tukamjulie hali.

Kitengela imo katika kaunti ya Kajiado, mwendo mfupi kutoka Athi River, kando ya barabara kuu iendayo Namanga. Ni tambarare iliyokuwa malisho ya Wamaasai, na nyumbu na pundamilia wa mbuga ya Nairobi wakiijia kupitia upande wa kusini usio na ua. Leo ni viwanja vya futi 50 kwa 100, kila kimoja na ukuta wake. Udongo wake mweusi hunywa mvua ukavimba, na ukikauka hupasuka pamoja na sakafu iliyojengwa juu yake. Twalitaja hili kwa sababu mashine nzito iliyosimama juu ya sakafu iliyopinda hutikisika, na msumeno unaotikisika hauaminiki.

Gari la kijana wetu hulala nje. Banda lake, futi 20 kwa 10, limejaa mashine za mitumba: msumeno wa meza, msumeno wa mkanda, mashine ya randa, kerezo na keekee ya umeme. Mbele pana mlango mpana wa kupitishia gari; nyuma, katika pembe ya kushoto, pana mlango mdogo uingiao nyumbani. Msumeno wa meza aliuweka sambamba na ukuta wa kushoto, ili ubao mrefu ukipasuliwa utokee mlango mpana. Tuliusifu mpango huo. Mkewe, aliyekuwa ametuletea chai, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Ami, mimi sisemi kitu, lakini hebu ifunue hiyo kalenda mlangoni."

Chini ya kalenda palikuwa na tundu. Wiki moja kabla ya kufika kwetu, ubao ulibana nyuma ya meno ya msumeno, kipande kikarushwa kinyume na kutoboa mlango mdogo, katika kimo cha kifua cha mtoto wa miaka 7. Binti yao alikuwa ametumwa kumwita babake chakulani. Alikuwa amefika mlangoni, akakumbuka ndara zake, akarudi kuzivaa.

Hatukulala vizuri usiku ule. Baba yetu alikuwa seremala, na tezo, randa, patasi na msumeno wake vyote vilienea katika kapu moja. Alikaa mkekani, ubao ameushika kwa nyayo, naye ndiye aliyeuzunguka ubao. Sisi watoto tulicheza katika maranda yake na hakuna aliyetufukuza. Kwa mashine mambo yamegeuka: chuma husimama na ubao ndio hutembea, na njia yake sharti iwe wazi mbele na nyuma. Ubao wa futi 12 wahitaji futi 12 kabla ya meno na nyingine 12 baada yake, ndani ya banda la futi 20!

Siku ya pili tulikwenda Kajiado mjini, tukipitia Isinya, kumwona mzee aliyemfunza kijana wetu kazi. Kiwanda chake ni mabati juu ya nguzo, bila kuta, na upepo huchukua vumbi lote. Mzee alisikiliza kisa cha tundu huku akiendelea kunoa. "Sheikh," akasema, "wewe waonyeshwa mashine ziko wapi. Uliza mbao zapita wapi." Akachora chini kwa kijiti: mbao zikatwe urefu mlangoni kwanza, ili fupi tu ndizo ziingie ndani, randa ifuate, kisha msumeno. Na mstari wa msumeno akauchora mshazari.

Jioni tukazihamisha. Msumeno uligeuzwa mshazari, ubao utokee mlango mpana, na nyuma ya fundi ikabaki pembe ya kulia isiyo na mlango, tukaijaza magunia ya maranda. Miguu tuliisawazisha kwa vipande vya chuma. Kerezo tuliisukuma ukutani, kwani hiyo haihitaji njia. Mwenye mashine wa zamani alikuwa ameling'oa bamba la chuma linalokaa nyuma ya meno ili mpasuo usijifunge. Kijana alichonga jingine. Mlango mdogo ukapigwa komeo upande wa ndani ya banda.

Lililobaki gumu ni vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilihukumu tangu 1995 kuwa vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, na upepo wa tambarare ulikuwa ukiliingiza hadi jikoni. Randa ikatiwa magurudumu yenye breki, itolewe nje wakati wa kazi. Lakini nje pana jirani na kamba yake ya nguo. Tulimsihi kijana aende kubisha mwenyewe. Wakaafikiana: randa asubuhi tu, na siku ya kufua asiiwashe kabisa. Kazi yake itapungua, naye hakuficha kwamba inamuuma. Barakoa alisema atanunua. Hilo tutalifuatilia kwa simu.

Siku ya tatu tuliupasua mvule. Chini ya rangi kuukuu ulikuwa wa hudhurungi kama tulivyoukumbuka, nao ulitosha marufaa matatu. Tulikuwa katika la pili mlango mdogo ulipogongwa. Kijana alizima msumeno, tukangoja hadi meno yakome kuzunguka, ndipo tukaondoa komeo tukamfungulia.