Miti ya Maramba na Msitu wa Mtai



Katika kurasa hizi tumekwisha kusoma habari nyingi za nchi za mbali, za mito yake na miji yake. Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za nchi iliyo karibu, ambayo wengi wetu twaipita kila siku bila kuitazama. Nchi hiyo ni Maramba, katika wilaya ya Mkinga, upande wa kaskazini wa Tanga. Na habari tutakazoeleza ni za miti yake, tangu ile isimamayo katika maji ya chumvi hata ile iliyohifadhiwa juu ya mlima Mtai. Tena liko swali moja tuliloulizwa huko, nalo limetukaa moyoni. Twataka kuliweka mbele yenu, hasa mbele ya waalimu na wazazi.

Kwanza na tuanze pwani. Mtu akienda Moa, au Manza, au Kwale, ataona kando ya bahari msitu ambao miguu yake hufunikwa na maji yakijaa, na kuonekana yakipwa. Mgeni huiita yote mikoko, lakini wenyeji huipambanua kila mmoja kwa jina lake. Mkoko wenyewe ndio ule wenye mizizi iliyopindana kama matao. Mchu hutoa vipumulio vingi vilivyosimama matopeni mfano wa vidole. Mlilana ndio ulio mbele ya yote kuelekea bahari, na mbao zake zilizopinda kwa asili wamezitumia mafundi kwa mataruma ya vyombo. Wako pia mkandaa, ambao magome yake hutia rangi na kulainisha ngozi, na msinzi, na mkomafi wenye matunda ya mviringo kama mpira. Zamani majahazi yalipakia boriti za mikoko katika pwani hii yakazipeleka Arabuni, na nyumba nyingi za huko ziliezekwa juu ya miti ya kwetu. Leo mikoko yote ya bara ni hifadhi ya serikali. Na faida yake ni kubwa kuliko boriti: katika mizizi ile samaki wadogo na kamba hupata maficho wakakua, na wimbi lijapo kwa nguvu huvunjikia hapo kabla ya kuula ufuko.

Atokaye Tanga kwenda Maramba huishika njia ya Mombasa hata Mabokweni. Hapo huiacha, akageuka kushoto, akaelekea milimani. Katika nchi hii ya tambarare ataona mibuyu na mikwaju na mikoma, yaani miti ivumiliayo jua. Ataona pia mashamba ya mkonge. Mmea huu watu wengi hudhani ni wa asili yetu, kwa kuwa jina la Tanga na jina la mkonge yamekuwa kama ndugu. Sivyo. Ulikuja kutoka Marekani katika mwaka 1893, ukiletwa na Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf. Husimuliwa ya kuwa miche ilikuwa 1,000 ilipoanza safari, na iliyofika hai ni 62 tu, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo michache mashamba yakaenea nchi nzima. Basi asiidharau mtu miche michache.

Ukiendelea, ardhi huanza kuinuka na hewa hubadilika. Maramba yenyewe iko chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, na wakaaji wake ni Wadigo, Wasambaa, Wabondei, Wasegeju, na wengine waliokuja kwa kazi za mashamba. Hapa hustawi minazi, miembe, michungwa, migomba na mihogo. Na huko Kwamtili ilipandwa mikakao. Mvua za vuli na za masika huja kutoka baharini, na zikigonga milima hii hushuka kwa wingi. Huko Amani, juu zaidi, mvua ya mwaka mmoja hukaribia milimita 2,000. Hiyo ndiyo siri ya misitu hii: bahari hutoa mawingu, mlima huyashika, na msitu huyatunza maji.

Upande wa machweo ya jua, juu ya Maramba, ndipo ulipo Mtai, msitu wa hifadhi wenye ukubwa wa hekta 3,000 na zaidi. Ukiingia humo, jua la mchana hupungua kama mtu aliyefunga madirisha. Mvule husimama bila tawi hata juu kabisa. Mkangazi hupanua mizizi yake kama kuta. Msufi mwitu una shina lenye kung'aa, na mbambakofi huangusha mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, ambazo watoto hupenda kuziokota. Katika misitu ya pwani uko pia msandarusi. Utomvu wake, ukizikwa ardhini miaka mingi, hugeuka kuwa sandarusi ngumu iliyokuwa bidhaa kubwa ya wafanya biashara wa pwani. Katika misitu ya juu uko mtambara, jamaa ya kungumanga. Na uko msambu, wenye tunda kubwa la rangi ya udongo. Mbegu zake zina mafuta mazito, ambayo wazee waliyapikia chakula, na katika miaka hii watu wa Usambara wameziokota wakaziuza zitengenezwe siagi ya mimea. Msambu una mti dume na mti jike. Akataye majike yote amekata na matunda ya mwakani.

Pia liko ua moja dogo lipasalo kutajwa. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika miamba yenye kivuli karibu na Tanga, na tena katika msitu wa Usambara, ua la rangi ya zambarau lenye majani yenye manyoya laini. Akalipeleka Ujerumani kwa baba yake, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo huwekwa madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, hata mabibi wazee wa huko hulipenda kama mtoto. Lakini hapa kwao limekuwa haba. Haliwezi kuishi juani. Mti mkubwa uliolifunika ukianguka, nalo hukauka juu ya jiwe lake, ingawa hakuna aliyeligusa.

Twapaswa kusema kidogo habari za Amani pia. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko chuo cha kuchunguza mimea, wakapanda miti iliyotoka pande zote za dunia. Walipanda na mkwinini, na wakati wa vita kuu ya kwanza, njia za bahari zilipofungwa, magome yake yalifanywa dawa ya homa. Lakini kila jema la mwanadamu lina upande wake wa pili. Mti mmoja, muhesi, asili yake nchi za Bukoba na Uganda, ulipandwa huko, nao hukua upesi. Hondohondo hula matunda yake wakazitawanya mbegu. Katika miaka ya 1970 na 1980 miti mikubwa ya Usambara ya Mashariki ilipokatwa kwa mashine, palibaki nafasi zilizo wazi. Na muhesi ukaingia katika nafasi hizo ukaenea sana. Msitu mzima usiojeruhiwa hauukaribishi hivyo. Jeraha ndilo lililoufungulia mlango.

Ukataji ule wa mashine ulikomeshwa. Mwaka 1997 Amani ikafanywa hifadhi ya mazingira asilia, na baadaye Nilo pia. Lakini taabu haikwisha. Wapasua mbao huingia usiku na misumeno yao. Miaka ya 2003 na 2004 watu wengi walikimbilia Sakale kutafuta dhahabu, wakachimba hata mitoni, maji yakawa matope. Wala tusiwasahau wale waliolima iliki chini ya miti huko Derema, wakaambiwa waondoke ili msitu uungane tena. Walilipwa fidia, lakini wako waliolia ya kuwa ilichelewa na kwamba ilikuwa ndogo. Asemaye habari za kutunza msitu, na asiseme kama kwamba haumgharimu mtu kitu. Mara nyingi gharama humwangukia maskini aliye karibu, na faida humwendea aliye mbali.

Sasa twafikia lile swali. Tulipokuwa tukishuka Mtai, mimi na waalimu wenzangu, tulipumzika kwa mzee mmoja Mdigo, mtu wa heshima, asiye wa dini yetu. Baada ya kutupa maji akasema, "Wanangu, zamani palikuwa na vichaka vya mizimu. Hakuna aliyekata hata fito, kwa hofu. Ng'ambo ya mpaka ndugu zetu wana kaya zao, nazo zimesimama mpaka leo. Sasa ninyi mmefundishwa ya kuwa mzimu si kitu. Vema. Niambieni basi, asiyeogopa mzimu, shoka lake litazuiwa na nini?"

Tulimshukuru mzee, nasi hatukumjibu kwa haraka, kwa kuwa alisema kweli. Kaya za Wamijikenda, na Kaya Kinondo ya Wadigo ikiwamo, ziliandikwa mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Na zilidumu kwa sababu ya miiko ya wazee. Sisi tumewekwa huru na hofu ile, nasi hatuirudii. Hatupeleki sadaka kichakani. Lakini mtu akifunguliwa kamba, halafu akautumia uhuru wake kuharibu kile ambacho jirani yake asiyeamini alikitunza, je, jirani atasema nini juu ya imani yetu? Atasema, "Wamepoteza hofu, hawakupata kitu mahali pake." Neno hili ni zito, ndugu zangu, nalo halijibiwi kwa mahubiri.

Jibu letu, baada ya kulifikiri njiani, ni hili. Badala ya hofu ya mzimu tumepewa mambo mawili. La kwanza ni kujua ya kuwa msitu una Mwenyewe. Adamu aliwekwa bustanini kama mlinzi, wala hakupewa hati ya kuiuza. Na katika Torati Waisraeli walikatazwa kuikata miti ya matunda ya adui, hata wakati wa kuuzingira mji wake. Basi si zaidi miti ya rafiki? La pili ni upendo wa jirani. Na jirani yetu ni nani hapa? Mto Zigi huzaliwa katika misitu ya milima hii, ukashuka hata bwawa la Mabayani, na kutoka hapo watu wa mji wa Tanga hupata maji yao. Mama aliye Tanga, afunguaye mfereji amnyweshe mtoto wake, hamjui mtu aliyeshika shoka mlimani. Hata hivyo ni jirani yake. Akataye mti kando ya chemchemi amechukua maji kinywani mwa mtoto asiyemwona. Wala si Tanga tu: vijito vya Mtai ndivyo vinavyonywesha vijiji vilivyo chini yake.

Kwa hiyo twatoa mashauri machache.

Waalimu, wapelekeni watoto wakaione miti, wajifunze majina yake kwa Kiswahili, na kwa Kidigo, na Kisambaa, na Kibondei. Yaandikeni katika daftari la shule kabla wazee wayajuao hawajaondoka. Mti usio na jina hukatwa upesi. Tena fanyeni kitalu shuleni, mkaoteshe mvule na mkangazi, ingawa mvule hukawia. Aupandaye hupanda kwa ajili ya wajukuu.

Wazazi, kuni za nyumbani ndizo huwatuma wake zetu na binti zetu mbali, na kurudi na mizigo ivunjayo shingo. Akina baba na wapande miti ya kuni mpakani mwa mashamba yao. Huo nao ni upendo kwa wake zao, ulio bora kuliko maneno. Na kila mtoto abatizwapo, wazazi na wasimamizi wake wampandie mti mmoja, ili akue pamoja nao, akiambiwa, "Huu ni wako, utunze."

Wakristo wote, mbao ziuzwazo usiku kwa bei rahisi msizinunue, hata zikiwa ni za mlango wa kanisa. Nyumba ya Mungu haijengwi kwa kitu cha wizi.

Yule mzee twatumaini kumwona tena. Maneno yetu hatayahitaji; atatazama Mtai, na kama bado ni mweusi kwa miti, atakuwa amejibiwa.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.