Kalibu ya samaki

Mwezi huu tunapenda kuwasimulia jambo la nyumbani kwetu.

Mzee wetu alikuwa mvuvi wa Baraka, upande wa Fizi. Tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, tukafika Nyarugusu. Tangu hapo hajashika ndoana. Hapa hakuna ziwa, na kutoka kambini ni kwa kibali. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa hapa, sangala anamjua kwa jina tu.

Basi kaka yetu aliyehamishiwa Marekani akatutumia pakiti ya chambo za bandia, za plastiki laini, zimechanika. Eti kule watu huziyeyusha tena na kuzimimina katika kalibu wanazotengeneza wenyewe. Mzee akacheka, "Kalibu si ile ya matofali?" Kumbe kazi ni moja: umbo lako, mdomo wa kumiminia, na kitu kisigande.

Tulichonga samaki kwa sabuni ya mche. Mama alilalamika kwamba sabuni ya mgao si ya kuchezea, na alisema kweli. Tukampaka samaki mafuta, tukammiminia unga wa jasi uliokorogwa na maji. Ulipogandamana tukamtoa, lakini kwa haraka yetu hatukungoja kalibu ikauke. Plastiki ya moto ilipokuta unyevu, maji yaligeuka mvuke, ikaruka. Mdogo wetu akaungua mkono. Tulimmwagia maji safi ya baridi muda mrefu, tukampeleka zahanati. Usiku ule Mzee hakula. Alisema, "Ni tamaa yangu ya ziwa."

Tulitaka kuacha. Aliyekataa ni mtoto mwenyewe. "Mbona mnaacha, na mimi nimeshalipa?"

Safari ya pili Mzee alisimamia. Alileta ndagala mkavu wa sokoni awe kipimo. Kalibu ya kwanza ilikuwa ya upande mmoja, ikatoa nusu samaki mwenye ubavu bapa. Sasa tulitengeneza vipande viwili, na vishimo vya kushikana visiteleze. Mdomo wa kumiminia tukauweka kichwani. Mkiani tukatoboa kitundu cha hewa, maana hewa ikikosa njia, mkia haujai. Mkia wenyewe Mzee aliukwangua mara tatu. "Mkia mnene hauchezi, na sangala si mjinga."

Kalibu ikakaa juani hadi ikakauka kabisa. Tuliyeyushia nje, moto mdogo, upepo mgongoni, kwa kopo lisilopikiwa chakula tena, watoto wakiwa mbali. Plastiki ikianza kutoa moshi imeshaungua, na moshi ule ni sumu. Wazazi, tafadhali mshike hilo.

Samaki alipotoka, Mzee alimfunga uzi akamvuta polepole ndani ya beseni. Mkia ukatikisika. Majirani wa Fizi wakasogea, hakuna aliyesema kitu.

Mdogo wetu akauliza, "Ndivyo ndagala anavyotembea?"

"Ndivyo."

Halafu Mzee akaanza kumweleza taa za karabai usiku, upepo unaogeuka, mahali pa kutupa uzi. Mambo ambayo sisi wakubwa hatukuwahi kumwuliza, tukidhani yanamuumiza.

Kalibu tumeifunga kwa kitambaa, iko chini ya kitanda cha mtoto. Siku ya kurudi ikifika, yeye ndiye atakayeibeba.