Kompyuta Nayo Hukisia

Wengi hudhani kompyuta haikisii kamwe. La, hukisia mamilioni ya mara kwa nukta moja.

Mimi nasoma hapa Makenke. Kwetu ni Nakivale. Jumamosi mama huinjika maji ya ugali kabla sijafika, maana wiki zote nimefika saa saba. Nikija, chakula ki tayari. Nisipokuja, kuni zimeteketea bure, nazo kwetu ni adimu.

Ndivyo ifanyavyo prosesa, ubongo wa kompyuta. Kumbukumbu huchelewa kujibu. Basi prosesa haikai ikingoja, hukisia njia itakayofuatwa ikaendelea na kazi. Mwaka 1996 Mikko Lipasti na wenziwe walionyesha kuwa hata namba yenyewe yaweza kukisiwa, kwani mara nyingi hurudi ile ile iliyopita. Jibu likifika hulinganishwa: kisio likiwa sawa, muda umeokolewa, likiwa kosa, kazi hutupwa, na umeme umepotea.

Lakini majivu hubaki mekoni. Mwaka 2018 ilitangazwa kuwa wajanja waweza kuiba siri kwa kufuata alama ziachwazo na kazi iliyotupwa. Udhaifu huo uliitwa Spectre.

Basi, wanafunzi wenzangu, kukisia ni jambo jema. Lakini sharti tuhakiki, kisha tufagie meko.