Popo wa Mjomba

Kiswahili kinatumia jina moja, popo, kwa makundi mawili ya wanyama wasiokula chakula kimoja. Wapo popo wakubwa, wenye uso kama wa mbwa na macho ya duara, ambao hula maembe, mapera na ndizi mbivu. Wapo pia popo wadogo, wenye macho madogo, ambao hawagusi tunda lolote. Hao hula nondo, mbu, kumbikumbi na wadudu wengineo warukao usiku, na huwasaka gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti zao wenyewe. Jina hilo limebeba hofu nyingi. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunakijua kisa cha Popobawa, kiumbe aliyesababisha watu wa Pemba na Unguja kukesha nje ya nyumba zao mwaka 1995, ambaye jina lake limeundwa kwa popo na bawa. Sina ugomvi na masimulizi. Hayo ndiyo kazi yangu. Ugomvi wangu ni pale popo mla wadudu anapohukumiwa kwa kosa la popo mla matunda, au kwa kosa la jini.

Mjomba wangu ni mkulima wa makadamia huko Kandara, Murang'a. Karo yangu ya mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ilitoka katika magunia yake. Msimu uliopita mnunuzi mmoja alimrudishia sehemu ya mazao kwa sababu kokwa zilikuwa na madoa meusi. Mjomba alitazama juu ya ghala lake kuukuu, lililojengwa enzi za kahawa, akawaona popo wakitoka kwenye tundu la paa, na hukumu ikawa imekwisha kutolewa. Alinunua saruji na kukusanya pilipili kavu za kufukizia.

Mwezi wa Novemba alikuja Nairobi, nikampeleka kunywa chai Adams Arcade, karibu na ninapoishi. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Kumbikumbi walijaa kwenye taa za Barabara ya Ngong, na juu yao popo wadogo walikuwa wakipinda na kupinduka. Katika miezi ya baridi ya Julai na Agosti ni nadra kuwaona hapo. Vuli ikianza, jioni haipiti bila wao.

"Kumbe hata ninyi wa mjini mnafuga mashetani haya," alisema.

"Mjomba, hayo mashetani yanakula nini?"

Alitazama kwa muda mrefu, chai ikipoa. "Kumbikumbi," akakiri. "Lakini wa kwangu wanakula makadamia."

Nilimwomba afikirie gamba la makadamia, ambalo yeye mwenyewe hulipasua kwa nyundo. Popo mwenye uzito usiofikia ule wa yai la kuku atalipasua kwa jino gani? Madoa yale kwa kawaida ni kazi ya mdudu wa jamii ya kunguni, anayenuka akiguswa. Mdudu huyo ana mdomo mrefu kama sindano, ambao huupenyeza hadi ndani ya kokwa changa kabla gamba halijakomaa. Huko Levubu, Afrika Kusini, watafiti walichunguza kinyesi cha popo wa mashamba ya makadamia wakakuta mabaki ya kunguni hao. Tena, miti ilipofunikwa kwa nyavu ili popo na ndege wasiifikie, mavuno yalipungua. Sikumwambia kwamba popo watammalizia wadudu wote, kwani hawawezi. Nilimwambia kwamba alikuwa karibu kuwafukuza vibarua wasiodai mshahara.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi lilikuwa wakati aliouchagua. Popo wengi wa aina hii huzaa katika misimu ya mvua, wadudu wanapokuwa tele, na kwa kawaida jike huzaa mtoto mmoja tu. Tundu likizibwa usiku, mama aliyetoka kuwinda hubaki nje na mtoto asiyeweza kuruka hufia ndani. Isitoshe, Novemba makadamia ya Murang'a bado yako mtini. Ndiyo sababu Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikifunga uvunaji kuanzia mwezi huo hadi karibu Machi. Kokwa changa, kunguni na popo hukutana katika mvua zile zile.

Mjomba hakukubali wala hakukataa. Ni mtu wa hesabu, na usomi wangu haumtishi. "Mwalimu," alisema alipokuwa akipanda matatu, "kokwa zikitoka na madoa tena, utalipa wewe." Mpaka sasa tundu liko wazi. Saruji ile aliitumia kukarabati sakafu ya ghala. Kinyesi cha popo huzoa kwa koleo, kitambaa amejifunga puani kama nilivyomsihi, akakitia kwenye mashina ya migomba. Mnunuzi atarudi Machi.