Barua kutoka Berlin: Gata Ni Sehemu ya Paa

Baba mdogo,

Nimesikia bati za nyumba yako hapo Kitura zimeshafika, fundi anasubiri tu fedha za kahawa ndipo aezeke. Hongera sana. Kabla hajapanda juu, sikia habari za huku.

Hapa Berlin mvua ina bili. Tangu mwaka 2000 mwenye nyumba anatozwa kwa kila mita ya mraba ya paa au uwanja wa zege unaomwaga maji ya mvua kwenye mtaro wa jiji. Anayeyakinga au kuyaacha yanywee kwenye bustani yake anapata nafuu. Ndiyo maana utakuta mapipa yamesimama chini ya gata, na pale Potsdamer Platz maji ya mvua yanasafishia vyoo vya majengo makubwa. Hao ni watu wenye bomba jikoni usiku na mchana, na mvua yao kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Huko kwetu Umatengoni ni kama 1,000, nasi tunaitazama ikipita.

Hatukuwa hivyo. Kwenye ngolo, mashamba yetu ya mashimo mlimani, wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga miraba, kina mama wanachimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Mvua ikipiga mlima, kila shimo linashika maji yake, yanazama polepole, na rutuba haishuki bondeni. Tulipohama kutoka paa la nyasi kwenda bati, akili hiyo tukaiacha shambani. Maji yanaporomoka toka kwenye bati, yanakwangua msingi na kukata uwanja makorongo, kisha asubuhi mabinti wanabeba ndoo kwenda mtoni.

Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20, alasiri moja tu ya Januari, inaleta lita 960. Hata moja ya tano ikipotea, zinabaki ndoo 38 za lita 20.

Sitakudanganya kwamba tangi litamaliza shida yote ya kiangazi. La lita 5,000, likiingia Juni limejaa, linatoa ndoo mbili kila siku hadi mwisho wa Septemba. Hayo ni ya kunywa na kupikia; ya kufulia bado yatafuatwa mtoni. Lakini hiyo ndiyo miezi ya kuchuma kahawa, na kila safari ya mtoni inayopungua ni mikono inayobaki shambani.

Mwambie fundi gata iinamie upande wa tangi. Maji ya mvua za kwanza yamwagwe, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi uwe na wavu na mfuniko, mbu wasizaliane humo. Ya kunywa yachemshwe.

Fedha zikibana, tangi lisubiri mauzo ya mwakani, pipa litatosha kuanzia. Gata ndiyo isisubiri: fundi akishateremka, kumpandisha tena ni malipo mengine. Nitumie bei ya gata wiki hii, nitailipa mimi.

Mwanao,
Berlin