Kamisheni ya Asiyeleta Mnunuzi

Nyumba ya kwanza niliyoona ikiuzwa Section 58, mtaa wetu wa Nakuru, haikuwekwa kibao. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Jirani yetu, mstaafu wa reli, alikuwa anarudi nyumbani kwao Vihiga. Fundi wa mabomba akamdokezea mwalimu mmoja aliyekuwa amepanga Free Area, ng'ambo ya barabara kuu ya Nairobi, na muda si muda mwalimu akahamia na watoto wake. Fundi alipewa cha asante. Nadhani kilikuwa kizuri, maana Krismasi ile alikuja kanisani na suti mpya. Hakuna aliyetaja kamisheni wala asilimia, ila jirani angemnyima fundi haki yake asingeondoka Nakuru na heshima yake.

Kisha mabroka wakaja. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, familia nyingi zilizofukuzwa makwao kwingine katika Bonde la Ufa zilikimbilia Nakuru, nyingine zikaanzia hema za uwanja wa maonyesho, na waliobahatika kuwa na akiba wakaanza kutafuta ploti mjini. Kila aliyekuwa na simu na viatu vilivyopigwa rangi akawa broka. Mwenye ploti akitaka 800,000, broka wa kwanza anamwambia wa pili 850,000, wa pili anamwambia wa tatu 900,000, kila mmoja akiweka chake juu. Muuzaji na mnunuzi walikutana mara ya kwanza kwa wakili, na hapo ndipo kila mmoja alipojua bei ya mwenzake. Wakati huohuo kuta za mtaa zilianza kuandikwa kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi, kwa sababu baadhi ya mabroka walikuwa wameanza kuuza hata zisizouzwa.

Wengi wao hawakuwa mawakala mbele ya sheria. Tangu 1984 Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi, pamoja na bodi ya kuwasajili, na kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa. Tena, tangu 2003 mapatano ya kuuziana ardhi sharti yaandikwe, yatiwe sahihi na kushuhudiwa. Ahadi ya kumlipa broka haikuwekewa sharti hilo. Basi ukawa na nyumba inayouzwa kwa karatasi na kamisheni inayodaiwa kwa kelele, mlangoni, saa moja usiku.

Shangazi yangu aliziogopa kelele hizo, na alipotaka kuuza nyumba yake akaenda kwa wakala mwenye ofisi. Mji ulikuwa umeshapewa hadhi ya jiji, Desemba 2021, na kila mwenye kipande cha ardhi aliamini amelala maskini akaamka tajiri. Akatia sahihi mkataba wa miezi sita, kamisheni asilimia 3. Kibao kikatundikwa langoni. Miezi ikapita, hakuna aliyebisha hodi. Mwishowe, kabla mkataba haujaisha, nyumba ikachukuliwa na mama mmoja wa kikundi chao cha kanisani, kwa milioni 9, wakakubaliana baada ya ibada.

Wakala akaja na ankara ya 270,000.

"Kijana wangu, umeniletea nani?" Shangazi akamuuliza.

"Mama, tafadhali soma kifungu cha nne."

Kifungu kilisema kwamba nyumba ikiuzwa ndani ya miezi hiyo, na yeyote, kwa yeyote, wakala analipwa. Wakili wetu alisoma akavua miwani. Alitufafanulia kwamba kuna mikataba ya namna mbili inayofanana usoni. Katika mmoja, wakala ni huyo mmoja pekee, lakini mwenye nyumba akijipatia mnunuzi mwenyewe hadaiwi kitu. Katika wa pili, haki yote ya kuuza umeikabidhi, na hata ukimuuzia dada yako unadaiwa. Pasipo maneno hayo ya pili, mahakama, kwa desturi ya kisheria tuliyorithi kwa Waingereza, huuliza hasa ni juhudi za nani zilizoleta mauzo. Kwa Shangazi swali hilo halikuwa na nafasi. Walibishana, wakapunguziana, akalipa 150,000, na hadi leo akipita karibu na ofisi ile huvuka barabara.

Mimi naona Shangazi alidhulumiwa, ingawa sheria haioni hivyo. Kutundika kibao si kuuza. Lakini nimeona pia dhuluma ya upande wa pili, na ndiyo iliyozaa vifungu hivyo vikali: mteja anatembezwa nyumba na wakala mchana, jioni anarudi peke yake kwa mwenye nyumba, wanaafikiana kumruka wakala na kugawana kamisheni yake. Wengine husubiri mkataba uishe ndipo waandikishane. Huyo anayerukwa alifanya kazi, na anastahili kulipwa hata kama muda umekwisha. Mikataba mingi siku hizi inasema hivyo waziwazi, na hapo sina ubishi nayo.

Ukiletewa mkataba wa wakala, usianze na asilimia. Tafuta kwanza mahali panaposema nani atalipwa iwapo mnunuzi utampata mwenyewe. Kama una jirani au ndugu aliyekwisha kuuliza bei, jina lake liandikwe humo kwamba si mteja wa wakala, kabla hujatia sahihi.